Ubao wa Mama Langoni mwa Yarrandel

Kila Jumamosi ya kupiga kura, kabla ukumbi wa shule ya Yarrandel haujafunguliwa, Glenys Harkness huwa ameshawasha gesi. Vitunguu ndivyo vinavyotangulia. Anavitandaza kwenye bamba la chuma, anavimiminia mafuta, anavifunika kwa sinia kuukuu, na watu wa kwanza wanapoegesha magari kando ya uzio wa shule, harufu imeshawafikia barabarani. Soseji zinakuja baadaye. Mpiga kura anapewa slesi moja ya mkate, soseji moja, vitunguu juu yake na sosi ya nyanya akitaka, halafu anakwenda kupanga foleni akiwa anatafuna. Ndivyo tunavyochagua serikali Australia, na mimi sijaona njia iliyo bora zaidi.

Glenys ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba kondoo wengi kuliko mizigo mingine. Siku za kawaida ndiye dereva wa basi la shule. Ana kofia moja ya majani ambayo watoto wanaapa kwamba analala nayo. Mimi nafundisha darasa la wakubwa katika shule hiyohiyo, na nimepanga chumba nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyasikia jikoni kwake wakati chai ikichemka.

Mbele ya meza yake, siku ya kura, husimamishwa ubao. Ni ubao mweupe wa mbao nzito, umeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono ambao haukufundishwa uchoraji: SOSEJI HAPA. WATOTO WETU WAJUE KUOGELEA. Aliyeuandika ni mama yake, Bi Myrtle. Glenys alipokuwa msichana mdogo, mdogo wake wa kiume, Neville, alizama kwenye bwawa la kunyweshea kondoo nyuma ya nyumba. Maji yenyewe yalikuwa yanafika kifuani mwa mtu mzima. Uchaguzi uliofuata, Bi Myrtle alikuja langoni mwa shule na kikaango cha jikoni kwake, akasimamisha ubao huo, na tangu siku hiyo kila kinachopatikana pale kinawapeleka watoto wa Yarrandel kwenye bwawa la kuogelea la mji wa jirani, wakafundishwe. Hakuna mtoto wa shule hii aliyezama tena.

Sikubali, na sitakubali, kwamba nchi inayoagiza nyambizi imwachie mwanamke mwenye sinia la vitunguu kazi ya kuwaokoa watoto wasizame. Nilimwambia Glenys hivyo mwaka wa kwanza niliposimama naye kwenye meza ile. Nilisema kwa muda mrefu, tena kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Ukishamaliza kuipindua serikali nishikie hiyo mikate."

Bi Myrtle aliacha mabinti wawili na ubao mmoja. Glenys ni mdogo. Mkubwa ni Lorraine. Waliolewa na wakulima wawili wa jirani, na mashamba yao yametenganishwa na uzio wa waya ambao wajukuu wamekwisha kuulegeza kwa kuuruka. Ubao wakagawana kwa zamu. Uchaguzi ukiisha, ambaye hakuwa nao anauchukua, anaukalisha kwake, na ndiye atakayeuleta safari ijayo. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote. Glenys alikaanga, Lorraine alikatakata vitunguu na kupanga keki za wamama wengine, na siku nzima walibishana kama kitunguu kikae juu ya soseji au chini yake. Lorraine ni mtu wa chini. Anasema cha juu kinadondoka na watu wanateleza.

Halafu ikaja kampuni ya umeme wa upepo.

Ilitaka kusimamisha minara kwenye mgongo wa kilima, na mgongo wa kilima uko kwa Glenys. Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa imekataa, na Ray, mume wake, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa moyo. Glenys akatia saini. Shida ni kwamba dirisha la jiko la Lorraine linatazama kilima kilekile. Lorraine akajiunga na waliopinga, akawa sauti yao kubwa kuliko zote, na wilaya nzima ikapasuka hapo katikati. Kwenye mkahawa watu walianza kuchagua meza. Wagombea nao wakajipanga, huyu na minara, yule na wasioitaka. Mimi nilikuwa na ninaendelea kuwa upande wa minara, na mji mzima unajua, kwa sababu siwezi kunyamaza. Lakini hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja, na tangu msimu wa kukata sufu hawakuwa wamesemeshana neno.

Kwa hiyo uchaguzi wa safari hii ulipokaribia, Glenys alikuwa na hofu moja tu, na haikuwa nani atashinda. Ubao ulikuwa kwake. Zamu inayofuata ilikuwa ya Lorraine. Usiku mmoja tukiosha vyombo alisema, kama mtu anayezungumza na sufuria, "Asipouchukua, basi yameisha."

Sikumwuliza ni nini kilichoisha.

Kosa alilifanya wiki mbili kabla ya kura. Kijana wa kampuni, mwenye adabu na viatu visivyojua matope, alimfuata kwenye basi akamwambia wangependa kusaidia shule: soseji zote bure, na aproni mpya. Glenys alifikiria watoto na bwawa. Kila siku ya kura soseji zimetoka kwa Dougal, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara. Safari hii akaona pesa zote zitakuwa faida tupu. "Nyama ni nyama," aliniambia. Kamati ya wazazi ilikubali bila hata kunyoosha mikono, na mimi nilikuwepo.

Jumamosi asubuhi gari la kampuni lilikuja na majokofu, aproni za kijani na bango la kitambaa refu kama shuka. Vijana wawili walilifunga kwenye nguzo za hema, mbele ya meza, wakalivuta likakaza, wakaondoka. Glenys alikuwa ameinamia vitunguu. Aliinua kichwa, akasema, "Kubwa kweli," akarudi kwenye kazi yake.

Milango ikafunguliwa. Watu wakaja kama kawaida, wengine na mbwa, wengine na watoto shingoni. Wa kwanza kabisa alikuwa mzee Clarrie, ambaye huanza na soseji mbili kabla ya kura na kumalizia na moja baada ya kura. Alipita mbele yetu akitazama angani.

"Clarrie, umepotea njia?" Glenys akamwita.

"Nimekula nyumbani."

"Wewe? Tangu lini kwako kukapikwa?"

"Mimi sili soseji za upepo, Glenys. Tumbo langu linajitosheleza kwa upepo."

Watu kwenye foleni walicheka, na Glenys akacheka pia. Lakini Clarrie hakurudi. Akaja mwingine akapita, kisha familia nzima, mtoto wao akivutwa mkono huku amegeuza shingo kuzitazama soseji. Nimeona watu wakikataa mengi katika mji huu. Sijawahi kumwona mtu akikataa harufu ile.

Kisha wakaja wa upande wetu, na hao wakawa wabaya zaidi. Walinunua kwa fujo. "Nipe tatu, nionekane," mmoja alisema, akashika soseji juu kama mwenge huku mkewe akimpiga picha na bango nyuma yake. Glenys alimpa, asitabasamu. Nilianza kuelewa kilichokuwa kimetokea. Ndani ya ukumbi kuna vibanda vya karatasi ngumu na penseli iliyofungwa kwa uzi, ili jirani asijue ni mgombea gani umemwekea namba moja. Tumeitunza siri hiyo vizazi na vizazi. Sasa kila aliyekula alikuwa ameshapiga kura mezani petu kabla hajaingia, na kila aliyepita vilevile. Mji mzima ulikuwa ukihesabika waziwazi, na vitunguu ndivyo vilivyokuwa kalamu.

Mtu akalalamika. Msimamizi wa kituo, Bi Pritchard, akatoka na utepe wa kupimia, kwa sababu sheria haitaki kampeni ndani ya mita sita za mlango. Akapima, akasoma, akaukunja utepe.

"Liko nje ya mstari," akasema. "Tena kampuni si mgombea. Mimi sina neno nalo, Glenys."

"Asante, mpenzi."

"Ila ningekuwa wewe," Bi Pritchard akaanza, kisha akakumbuka kazi yake akanyamaza, akarudi ndani.

Langoni, mbali kidogo na mstari huo, walisimama wagawa vikaratasi vya wagombea. Ni watu wa vyama vyote, wanasimama bega kwa bega siku nzima wakitupiana maneno, na kwetu ni desturi meza ya shule iwalishe katikati ya asubuhi, bila malipo na bila kuuliza chama. Lorraine alikuwa miongoni mwao, mrefu, koti la mvua juu ingawa jua lilikuwa linawaka, mkono umejaa vikaratasi. Glenys aliandaa sinia kwa mikono yake. Nikamwona akichukua slesi moja, akaweka vitunguu kwanza, soseji juu yake.

"Nibebe mimi?" nikamwuliza.

"Hapana. Lakini njoo na sosi."

Wengine walipokea. Yule wa chama cha wanaotaka minara alichukua mbili. Glenys akafika kwa dada yake.

"Vitunguu viko chini, da' Lorraine. Kama unavyotaka."

"Sina njaa."

"Umesimama tangu alfajiri."

"Nimesema sina njaa." Lorraine alimpa kikaratasi mwanamke aliyekuwa anapita, akamtakia asubuhi njema, kisha akasema bila kugeuka, "Ubao wa mama uko wapi?"

"Upo palepale."

"Siuoni."

Glenys aligeuka. Mimi nikageuka pia. Kutoka langoni, pale mtu anapoingia, kilichoonekana ni kitambaa cha kijani kutoka nguzo hadi nguzo, na jina la kampuni.

"Uko nyuma yake," Glenys akasema polepole.

"Najua uko nyuma yake. Nakuuliza mtu anayeingia anasoma nini."

Glenys alilitazama bango, sinia mkononi.

"Minara nimekubishia mbele za watu na nitaendelea," Lorraine akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Shamba lako, saini yako, gomvi letu. Lakini Neville si wa kampuni, Glenys."

Sinia lilikuwa na soseji moja iliyobaki. Glenys alirudi nalo mpaka mezani, akaliweka, akainama, akafunga gesi.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya minara, juu ya hewa ya watoto haohao tunaowafundisha kuogelea, na kila neno la hotuba hiyo naliamini hata leo. Lakini Glenys alikuwa ameshaanza kuhangaika na fundo la kwanza la kamba, na kucha zake hazikulitosha. Nikaenda kwenye nguzo ya pili. Bango likaanguka kwenye nyasi, na ubao ukatokea, mweupe, mdogo kuliko nilivyoukumbuka.

"Glenys, vipi?" mtu akauliza kwenye foleni. "Mmefunga?"

"Kidogo tu."

Alivua aproni ya kijani, akaikunja vizuri juu ya bango, akampigia simu kijana wa kampuni. Nilikuwa karibu, nikasikia upande wake wote. "Njoo uchukue vitu vyako, mwanangu. Hapana, hamkunikosea. Nyama yenu nzuri. Hapana, mkataba wetu wa mlimani uko palepale, sijautingisha. Hapa si mlimani, ndicho ninachokwambia." Akakata.

Sasa bamba lilibaki na vitunguu peke yake, na watu walikuwa wanaendelea kuja. Dougal alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha yake, mikono imefungwa kifuani juu ya aproni yenye damu, na kwa jinsi alivyosimama nadhani alisimama hivyo tangu asubuhi. Glenys akavuka barabara. Mimi nikamfuata, maana kulikuwa na cha kubeba.

"Nani huyu?" Dougal akasema. "Nilidhani umehamia mjini."

"Dougal, nahitaji soseji."

"Za bure zimeisha?"

"Nimezirudisha."

Dougal alimtazama, kisha akautazama ubao kule ng'ambo. "Unataka zipi?"

"Unazijua."

"Nazijua. Nataka nikusikie ukisema."

"Za ng'ombe. Nyembamba. Kama siku zote. Na nilikosea kutokuja kwako, ukitaka nalo niliseme."

"Hilo sikuliomba," Dougal akasema, akaonekana kuaibika. Aliingia kwenye chumba cha baridi akatoka na trei mbili, kisha nyingine mbili. Alikuwa amezitengeneza jana yake, zote, kama kila mwaka wa uchaguzi, ingawa hakuna aliyemwagiza. "Msiniangalie hivyo," akatuambia. "Mikono ilishazoea."

Gesi ikawashwa upya. Soseji zilipoanza kulia kwenye bamba, Clarrie alitoka ukumbini akiwa ameshapiga kura yake, akasimama, akanusa, akausoma ubao kana kwamba hajawahi kuuona.

"Hizo za nani?"

"Za Dougal."

"Basi nipe tatu. Nina deni na tumbo."

"Si ulikula nyumbani?"

"Nilidanganya, Glenys. Ni uchaguzi, kila mtu anadanganya."

Baada yake wakafurika. Wale waliokuwa wamepita walirudi, wale waliokuwa wamekula wakala tena, na safari hii hakuna aliyepigwa picha. Foleni ilizunguka mti wa uwanjani. Mikono yangu miwili ya mikate haikutosha, vitunguu vilivyokatwa vilikuwa vinakwisha, na Glenys alikuwa anageuza soseji kwa mkono mmoja na kumenya kwa mwingine.

Langoni nikamwona Lorraine akikusanya vikaratasi vyake vyote. Akamwekea mkononi jirani yake, yule bwana wa chama cha minara.

"Nishikie," akamwambia. "Na ugawe, usivikalie."

"Lorraine, hawa ni wapinzani wangu."

"Ndiyo maana nakuamini. Utaogopa watu wakuone umevitupa."

Na yule bwana, sijui niseme nini, aligawa. Mkono wa kulia vyake, mkono wa kushoto vya Lorraine, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Ningeweza kuandika kitabu juu ya mambo yanayoniudhi katika siasa za nchi hii, lakini siku nitakapokiandika, huyo bwana atakuwa na ukurasa wake.

Lorraine alikuja akiwa na aproni yake mwenyewe, ya zamani, ya maua. Alichukua kisu, akasogeza gunia, akaanza kukata, mgongo wake ukimwelekea dada yake.

"Usidhani nimebadili mawazo," akasema.

"Sijakuuliza."

"Ile minara nitaipigia kelele mpaka nizikwe."

"Piga. Lakini geuza hivyo vitunguu, vinaungua."

"Haviungui. Ndivyo vinavyotakiwa."

"Mwalimu," Glenys akaniita, "vinaungua au haviungui?"

"Usimwingize mtoto wa watu," Lorraine akasema. "Huyu akifungua mdomo hafungi."

Walifanya kazi hivyo mpaka jioni. Hawakuzungumza juu ya kilima, na sitadanganya kwamba walikumbatiana. Mara mbili niliwasikia wakibishana kuhusu juu na chini. Soseji zilizopitia kwa Glenys zilitoka na vitunguu juu, zilizopitia kwa Lorraine zikatoka na vitunguu chini, na wapiga kura wa Yarrandel walikula walichopewa.

Milango ilipofungwa na Bi Pritchard kujifungia ndani na watu wake kuhesabu, tulianza kukunja hema. Jua lilikuwa limegusa kilima. Glenys alichukua kikwangulio akaanza kusugua bamba, akalipa bamba hilo macho yake yote. Ubao ulikuwa bado umesimama mahali pake. Nilijua asingeugusa, wala asingesema neno, kwa kuwa zamu haiombwi. Lorraine alivua aproni, akalifunga gunia lililobaki, akatafuta funguo za gari mfukoni, kwenye koti, kisha mfukoni tena.

Aliuendea ubao. Akapiga magoti mbele yake kwa shida ya magoti yake, akapitisha kidole kwenye herufi.

"Rangi imebanduka hapa mwishoni."

"Najua," Glenys akasema, akisugua.

"Mbona hukuipaka?"

"Mkono wangu unatetemeka siku hizi. Nikaona nisiuharibu mwandiko wake."

Lorraine aliinuka. Kisha akauinua ubao kwa mikono miwili, akakataa nisimsaidie, akaubeba mpaka kwenye pikapu yake. Nilidhani atautupa nyuma pamoja na kamba na chupa za maji ya kondoo. Akafungua mlango wa abiria. Akauingiza taratibu, maandishi yakitazama mbele, akavuta mkanda wa kiti akaufunga juu yake.

"Nitaupaka," akasema kupitia dirishani, akawasha gari.

Glenys aliinua kikwangulio kidogo, kama mtu anayeaga kwa mkono uliojaa. Kisha akaendelea kusugua bamba, ingawa lilikuwa limeshatakata.